Jervis Bay na Stureholm

Kila inaposimuliwa habari ya meli Jervis Bay, sifa zote humwendea Nahodha Fegen. Anazistahili. Lakini naona hadithi hiyo husimuliwa nusu.

Jervis Bay ilikuwa meli ya abiria, ikisafiri kati ya Uingereza na Australia. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliitwaa, ikaitia mizinga saba ya zamani ya inchi 6, na tangu hapo ikahesabiwa manowari! Tarehe 5 Novemba, 1940, ilikuwa mlinzi pekee wa msafara wa meli zaidi ya 30 katika Atlantiki. Jioni ikatokea manowari ya Kijerumani, Admiral Scheer, yenye mizinga sita ya inchi 11. Fegen aliamuru msafara utawanyike, naye akamwelekea adui ambaye mizinga yake mwenyewe haikuweza kumfikia. Meli ikazama, yeye akafa. Lakini giza liliingia, na katika msafara ule meli za biashara zilizozamishwa siku hiyo zilikuwa tano tu.

Usiku ule ule Stureholm, meli ya mizigo ya Uswidi, nchi isiyokuwamo vitani, iligeuka ikarudi. Nahodha Sven Olander alifanya shauri na mabaharia wake, wakakubali. Wakaokoa watu 65 wa Jervis Bay. Mwezi uliofuata Stureholm nayo ilizamishwa.

Fegen alipewa nishani ya Victoria Cross. Yeye alikuwa askari, na kazi yake ilimtaka apigane. Olander hakuamriwa na mtu kurudi. Basi waalimu wetu wanapofundisha vita ile, naomba waandike ubaoni majina yote mawili.