Chaza Hakuvumilia

Kwenye kicheni pati ya dada yangu, binti wa mama mdogo, kule nyumbani Tunduma, meza ilipambwa kwa lulu za plastiki zilizonunuliwa ng'ambo, Nakonde. Nje malori yalikuwa kwenye foleni ya mpaka. Ndani, MC aliinua uzi wa zile lulu. "Mwanangu, chembe ya mchanga ilimwingia chaza, ikamuumiza. Hakupiga kelele, hakutoka nje kumtangaza mtu. Alivumilia mpaka maumivu yakawa lulu. Na wewe kavumilie." Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Na mimi nilipiga.

Mwezi uliopita dada alirudi kwao, mkono umefungwa bandeji. Wakubwa walimsikiliza, wakampa chai, kisha wakamkumbusha habari ya chaza.

Mimi niliiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya sayansi za bahari huku Zanzibar, na chaza nimewashika kwa mikono yangu. Naomba niseme wazi: mfano ule ni uongo, na uongo wenyewe unavunja watu mikono.

Tuanze na mchanga. Chaza anaishi baharini. Mchanga humwingia kila siku na kila siku huutoa. Lulu ya asili mara nyingi huanza pale kimelea kinapomtoboa, au jeraha linapozisukuma ndani ya mwili seli za ile ngozi laini inayotengeneza gamba. Seli hizo hujikusanya kuwa kifuko na kuendelea na kazi yao ileile: kutandaza madini ya aragoniti pamoja na protini, tabaka juu ya tabaka, kila moja nyembamba kiasi cha nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Mwanga ukipita katika tabaka hizo ndipo tunaona mng'ao. Mng'ao huohuo uko ndani ya gamba lake, pale ambapo hakuna kilichomuumiza. Kwa hiyo uzuri haukuletwa na maumivu. Chaza alikuwa anajua kuutengeneza tangu mwanzo, ndivyo anavyojenga nyumba yake.

Halafu jiulize: lulu inamfaa nini chaza? Haivai. Huipata anayembandua, na chaza wa lulu ya asili kwa kawaida hufa hapo.

Historia inasema hivyohivyo. Katika Ghuba ya Uajemi, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa waliozamia lulu walikuwamo watumwa waliotolewa Afrika Mashariki. Wao walibana pumzi chini ya maji. Lulu zilikwenda Bombay, Paris na London. Aliyeumia na aliyevaa hawakuwa mtu mmoja. Pembe nayo ni jino la tembo, tena huhesabiwa kati ya vito vitokanavyo na viumbe hai, lakini sijasikia MC akimsifu tembo kwa uvumilivu wake.

Utaniambia, "Huo ni mfano tu, msomi, acha kuukagua." Haya, tuuchukue mfano, ila tuwaulize wanaofuga lulu. Mjapani Mikimoto Kokichi alipata lulu nusu za kufugwa mwaka 1893. Hapa Unguja, Fumba, wanawake wamefanya kazi hiyohiyo. Kipande cha nusu duara hubandikwa ndani ya gamba, chaza anarudishwa baharini, na kwa miezi mingi anatunzwa: anasuguliwa mwani na viumbe vinavyomganda, kamba zinakaguliwa. Ile si lulu bandia, kwa kuwa tabaka ni zilezile alizotandaza chaza mwenyewe. Na mfugaji hamwachi chaza ateseke ili apate lulu nzuri zaidi. Chaza aliyedhoofika hutandaza vibaya, na aliyekufa hatandazi kitu. Kama ndoa ni chaza, basi mfano unamdai mume na ukoo mzima waende kusafisha.

Namwelewa mama mdogo. Mahari imeshaliwa, majirani wanahesabu siku, na yeye mwenyewe alivumilia miaka ambayo hataki kuisimulia. Akikiri kwamba uvumilivu wa binti yake hauna faida, atabaki na swali kuhusu wa kwake. Sitamcheka kwa hilo. Lakini sitakubali swali lake lilipwe kwa mkono mwingine wa dada.

Jumamosi kuna kikao. Nitavuka na boti ya Alhamisi, Ijumaa alfajiri nipande basi la Tunduma. Nimebeba gamba moja la chaza lenye alama ya pale lulu ilipokatwa. Nitaliweka mezani mbele ya wakubwa, na atakayetaka kulitaja neno vumilia, alishike kwanza.