Aliyebeba Hadi Mifupa

Jumamosi iliyopita maji yalikuwa mafu, samaki hawali, nikaona heri nikae kwa muuza kahawa pale Sahare kuliko kwenda kuchomwa na jua bure. Muuza kahawa ana redio yenye sauti ya kukwaruza, na ndani ya redio hiyo alikuwamo bwana mmoja aliyetambulishwa kuwa mtafiti wa mali za kale. Mtangazaji akamuuliza utafiti wake huufanyia wapi. Akajibu kwamba mengi huoteshwa. Nikangoja mtangazaji acheke. Akasema, "Naam, mheshimiwa, endelea."

Mheshimiwa akaendelea. Mjerumani alipokimbizwa mwaka 1916, akasema, alifukia dhahabu kila alipopita, akachora alama kwenye mawe na miembe, na hawa watalii tunaowaona wakizurura na ramani ndio wajukuu zake, wamekuja kuchukua chao. Wenzangu wanne wenye vikombe mkononi wakaitikia kama maamuma nyuma ya imamu. Mimi kashata ilinikwama kooni.

Nimefundisha historia miaka 31. Nimewavumilia waliosema Mjerumani aliwafundisha nyuki kijeshi, wakawaumbua Waingereza hapa Tanga. (Nyuki walikuwapo kweli, Novemba 1914, na waliuma pande zote mbili. Nyuki hana bendera.) Lakini hili la mali ya Mjerumani sasa limevuka mpaka, kwa sababu limeingia nyumba ya pili kutoka kwangu.

Jirani yangu, ambaye nitamwita Bwana Ramani kwa kuwa jina lake halisi litanigombanisha na mkewe, ameuza ngalawa. Ngalawa ya mwembe aliyoachiwa na baba yake, na matengo yake mawili mazima, na tanga ambalo halijafika misimu miwili. Fedha ile akanunua mashine ya kupimia dhahabu inayolia kila inapoona msumari. Sasa fikiria mwenyewe: mji huu reli ilianza kutandikwa mwaka 1893. Ardhi ya Tanga ina misumari kuliko mihogo. Mashine inalia kutwa nzima, na Bwana Ramani anachimba kutwa nzima. Mpaka leo ana ndoo moja ya chuma chakavu, chupa mbili za kijani na kitu ambacho yeye anaapa ni kitasa cha sanduku. Nimekiangalia. Ni bawaba ya dirisha.

Nina swali moja tu, na nimewauliza wote, kuanzia kwa muuza kahawa mpaka msikitini: mtu aliyebeba hadi mifupa, aache dhahabu?

Sisemi kwa mafumbo. Nendeni Tendaguru, kule Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, iliyokwisha kugeuka mawe, tani zaidi ya 200. Hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu, mwendo wa siku nne mpaka bandarini, ikapakiwa melini, na leo mmoja wa mijusi hiyo amesimama katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13 na zaidi, watoto wa Kijerumani wanamkodolea macho. Mifupa, ndugu zangu. Mawe yenye umbo la mifupa. Aliyeona faida katika jiwe lenye umbo la paja, akalifunga kwa uangalifu, akaliandikia namba na kulivusha bahari, huyo ndiye mnayeniambia alisahau sanduku la dhahabu chini ya mwembe wa Mabokweni?

Na si mifupa ya wanyama tu. Chifu Mkwawa alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, walimkata kichwa wakakibeba. Ilibidi fuvu hilo liandikwe katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba wa kumaliza vita vya dunia nzima, ndipo lidaiwe. Na likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 56 kwa kichwa kimoja. Ukoo wa Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji, bado wanauliza kichwa cha babu yao kiko wapi, na Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha. Hakwenda na ramani. Angekuwa na ramani, mheshimiwa wa redioni angetuambia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi katika watawala wote waliopita hapa, hakuna aliyependa daftari kama Mjerumani. Kila kichwa cha kodi aliandika. Kila mkonge aliupigia hesabu: ule mkonge wa kwanza ulioletwa na Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka huo huo wa 1893, tunajua mpaka leo kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Anayekumbuka miche 62 hakuzika dhahabu akasahau kuandika.

Halafu hebu tuulize, dhahabu yenyewe angeitoa wapi? Watu husema "Mjerumani" kana kwamba alikuwa sultani wa hadithi. Mjerumani wa vita vile alikuwa maskini. Waingereza walifunga bahari, meli haziingii. Waliposhindwa hapa Tanga na kukimbilia melini, waliacha bunduki, mizinga ya rashasha na risasi laki sita, na jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, liliokota vyote kama mtu aliyeokota chakula cha mwezi. Kule Amani, mlimani hapo juu, wataalamu wake wa mimea waligeuzwa wapika sabuni na wachemsha magome ya mkwinini, dawa chungu ambayo askari waliinywa wamefumba macho. Meli yake ya kivita, Königsberg, ilipomalizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, hakuiacha iozee na mizinga yake. Aliing'oa mizinga yote 10, watu wakaikokota kwa kamba mpaka nchi kavu, ikaendelea kupiga. Mmoja uko Mombasa, nendeni mkaushike. Huyu ndiye mtu wa kutupa mali porini?

Hapo ndipo Bwana Ramani hujiona amenikamata. "Mwalimu, na rupia za dhahabu za Tabora je?" Ndiyo, zipo. Mwaka 1916 zilifuliwa Tabora, katika karakana ya reli, kutokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke: rupia 15, upande mmoja tembo na mlima. Hazikuzidi elfu kumi na kitu, na kila moja ni kama gramu saba. Lakini zilifuliwa kwa nini? Kwa sababu fedha ilikuwa imekwisha! Walifua na heleri za shaba nyeupe na nyekundu, wakachapa noti za karatasi duni ambazo ukizilowesha zinaomba dua. Mwenye akiba ya kuzika hafui sarafu kwenye karakana ya mabehewa.

Pingamizi la pili ni la kuchekesha zaidi: "Mbona Wajerumani wanakuja na kupiga picha mawe?" Mtalii, bwana wee, hupiga picha hata mbuzi aliyelala barabarani. Mwezi uliopita nilimwona mmoja pale Barabara ya Bombo akipiga picha ubao wa muuza dafu, pua imemwiva kama nyanya, ndala zimekatika. Mrithi wa masanduku ya dhahabu anabishana bei ya dafu?

Na askari wa Mjerumani mwenyewe, aliowatoa jasho kuanzia hapa mpaka Msumbiji na kurudi, mpaka akasalimu amri Abercorn Novemba 1918? Wapo waliongojea malipo yao mpaka mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokumbuka kuwatengea fedha. Kijana wa miaka 20 alikuwa amefika karibu 70. Mwenye deni la miaka 46 kwa watu waliomfia ndiye unamtarajia akuachie urithi wewe, uliyezaliwa Ngamiani, usiyejua hata jina lake la kwanza?

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa upagazi mwaka 1916 akiwa shambani kwake, hata jembe hakupewa nafasi ya kulirudisha nyumbani. Alibebeshwa na Wajerumani kwanza, kisha Waingereza wakamnasa wakambebesha wao. Bega lake la kulia lilikuwa na kovu gumu kama ngozi ya ngoma, sisi wajukuu tulilipiga kwa vidole tukamcheka. Kama kuna mtu aliyejua kilichokuwa ndani ya masanduku, ni yeye. Baba alimuuliza siku moja, nami nipo, kama ni kweli Mjerumani alizika mali njiani. Mzee akasema waliozikwa njiani ni watu, na si wote waliozikwa. Kisha akaomba maji. Hakuna aliyemuuliza tena.

Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa vita vile walikaribia laki moja, kwa kuhara, kwa njaa, kwa homa. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo, na Nairobi nao wana Kariokor yao. Kila siku maelfu wananunua sufuria na viatu juu ya jina hilo bila kujua ni jina la nani. Ukitaka cha Mjerumani na Mwingereza kilichofukiwa katika nchi hii, ni hicho. Hakuna mashine inayokililia.

Lakini ugonjwa wenyewe naujua, si wa Mjerumani. Ni ugonjwa wa kutaka kitu kilichofichwa chini kuliko kilichopo mbele ya macho. Nimeuona kwa wapiga baruti. Miaka mingi hapa Tanga ulikuwa ukiamka alfajiri unasikia kishindo baharini, na ukifika diko la Deep Sea unakuta samaki wamejaa. Mama zetu wakaanga samaki hawakuhitaji maabara: walimshika changu tumboni, nyama imelegea, uti wa mgongo umekatika, wakajua. Kishindo kimoja, matumbawe yaliyokua kwa vizazi yamekuwa kokoto, na mwaka unaofuata mtu huyo huyo analalamika kwamba bahari imelaaniwa. Na tangu bomba la mafuta kutoka Hoima lipangiwe kuishia Chongoleani, kila mwenye robo eka ya mawe anakaa kibarazani akisikiliza ardhi. Sasa Bwana Ramani naye. Wakati bahari yetu ina silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia waliamini alikwisha pamoja na mijusi mikubwa ya kale, na wavuvi wetu walimtoa na jarife wakidhani ni chewa aliyezeeka! Hicho kiko hapo hapo nje ya ghuba, hai, na hakuna anayekipigia redio.

Juzi Bwana Ramani alikuja usiku kuniazima mshipi. Nikamwambia mshipi bila chombo utamfaa nini, twende wote. Tukatoka na kadau kangu kabla ya mwezi kuchomoza, tukatia nanga mahali ambapo sitapataja. Tasi wakala, kisha kolekole mmoja wa kilo mbili hivi akakata mshipi wake, kisha wakarudi tasi. Mikono yake haikusahau kitu. Moyo ukanilainika, nikafanya kosa la kutaka kumpa mfano mzuri.

Nikamweleza kwamba kuna kitu kimoja tu ninachokijua ambacho Mjerumani alikificha kweli akiwa na nia ya kukirudia: meli. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa mpaka Kigoma na kuunganishwa tena, wakaiita Graf von Götzen. Julai 1916, walipoona hawana njia, wakaipaka mitambo yake grisi nzito wakaizamisha ziwani karibu na mlango wa Malagarasi. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, nayo ndiyo Liemba, iliyobeba abiria, dagaa na mananasi Ziwa Tanganyika miaka na miaka. Nikamwambia, unaona, mdogo wangu, cha maana alichoficha kilikuwa chombo. Wewe ulikuwa na chombo, ukakiuza.

Akanyamaza. Akatoa tasi kwenye ndoana polepole, akamweka kwenye pakacha. Nikajua ameelewa.

"Mwalimu," akasema, "walipoizamisha, ndani waliweka nini?"

"Mchanga," nikamjibu. "Waliijaza mchanga ili iende chini."

Akatia chambo, akatupa mshipi, akauacha ushuke mpaka risasi ikagusa chini.

"Mchanga wa aina gani?"