Fedha za umma zisiamuliwe faraghani

Mwaka 2010 serikali ya Nigeria ilitia saini mkataba na P&ID, kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kuhusu mtambo wa kusafisha gesi huko Calabar. Mtambo haukujengwa. Hata hivyo, mwaka 2017 wasuluhishi waliosikiliza mgogoro uliozuka, faraghani huko London, waliiamuru Nigeria iilipe kampuni hiyo dola bilioni 6.6 kwa kuvunja mkataba, deni ambalo kwa riba lilivuka bilioni 11.

Nigeria iliponea chupuchupu. Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles wa Mahakama Kuu, London, aliamua kwamba tuzo hiyo ya wasuluhishi ilipatikana kwa ulaghai: P&ID ilitoa hongo, ikaleta ushahidi wa uongo, tena ikashikilia nyaraka za siri za wanasheria wa Nigeria shauri likiendelea. Wasuluhishi hawakuyajua hayo.

Usuluhishi unapendwa kwa usiri wake, na Mkataba wa New York wa 1958 huwezesha tuzo zake kutekelezwa katika nchi zaidi ya 170. Kampuni mbili binafsi zikimalizana chemba, sawa. Lakini mlipaji anapokuwa mwananchi, milango ifunguliwe: mashahidi wahojiwe hadharani, na waandishi wa habari wawepo.