"Angalia Utaanguka!"

Hakuna maneno yanayonikera siku hizi kama haya: "Babu, angalia utaanguka!" Anayeyasema huwa na nia njema. Lakini hebu mtazame huyo babu aliyeambiwa. Mabega yanapanda, magoti yanakaza, macho yanaganda kwenye vidole vya miguu, pumzi inakatika. Ameonywa asianguke, na kichwani mwake imeingia picha moja tu: yeye mwenyewe yuko chini. Mwili hutii picha. Baada ya miezi michache haendi tena msikitini wala shambani, anashinda kitini. Miguu isiyotumika inalegea, na siku anayonyanyuka kwenda msalani anaanguka kweli. Hapo wenye nyumba husema, "Si tulimwambia?"

Nasema tumbadilishie picha. Mwambie: "Babu, tembea kama umejitwika mtungi uliojaa maji." Shingo itajinyoosha bila kuamriwa, macho yatatazama mbele, hatua itakuwa laini. Nimefundisha walimu chuoni miaka mingi, na sijapata kuona amri ya "Simama wima!" ikimpa mtu wima wowote isipokuwa ule wa mti mkavu. Mabel Todd, aliyefundisha katika Chuo cha Ualimu cha Columbia huko New York, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1937: mwili hujipanga vizuri zaidi ukipewa picha kuliko ukiamriwa msuli mmoja mmoja. Bibi zetu hawakuandika kitabu, walijitwika tu. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya: waliweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. (Kilichopimwa pale ni pumzi, si mawazo. Lakini mwendo ule ndio picha ninayoitaka.)

Wapo watakaocheka na kuniambia kwamba hizo ni ndoto za mchana. Wajue kwamba mtu anapowaza anatembea, sehemu nyingi za ubongo zinazofanya kazi ni zilezile zinazofanya kazi anapotembea. Mwaka 1983 Feltz na Landers walikusanya tafiti nyingi za mazoezi ya mawazoni wakaona yanasaidia kuliko kutofanya lolote.

Ila simtetei anayebaki kitini akiota anatembea. Asimame karibu na meza au ukuta, mtu awe jirani, awaze nyayo zake zinakanyaga mchanga wa pwani uliolowa, kisigino na kidole vikiacha alama sawasawa; kisha aende hatua kumi kweli. Wala picha haiondoi mtoto wa jicho, wala kizunguzungu kinacholetwa na dawa. Hayo ni ya daktari. Na mkongojo si adui. Mimi mwenyewe, mwenye miaka sabini na ushei, ninao nyuma ya mlango.

Kesho asubuhi, kabla hujamfokea mama yako kizingitini, muulize alipokuwa msichana alichota maji wapi, na njia ilipanda au ilishuka. Mwache asimulie huku mnatembea.