Mbolea yetu inabaki sokoni Goma



Kila siku viazi vya Masisi, kabichi na karoti za Kibumba, maharagwe na ndizi za Rutshuru vinashuka Goma. Havishuki peke yao. Gunia la viazi linabeba pia nguvu ya udongo, zaidi potasiamu. Mji unakula, maganda yanabaki soko la Virunga na Kituku, na safari inakatika hapo. Shamba linachoka, na sisi tunatafuta dola ya kununua mbolea dukani.

Kwenye semina wanaita jambo hili uchumi wa mzunguko. Kwa mkulima maana yake iko wazi: kilichotoka shambani kirudi shambani.

Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilifunika hata sehemu ya katikati ya mji. Kuchimba shimo la takataka ndani ya mawe hayo ni kazi kubwa. Lakini mboji haiombi shimo. Unapanga lundo juu ya ardhi, unalifunika na majani ya migomba, unaligeuza mara kwa mara. Likiiva, uzito umepungua karibu nusu. Basi tuozeshe maganda karibu na mji, kisha lori zinazopanda zibebe mbolea iliyo tayari, si uchafu wenye maji.

Shida iko kwenye sashe. Serikali ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki kwa amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017. Lakini pita Birere: ziko kila pahali. Rwanda walikataza mwaka 2008, na ukivuka mpaka kuingia Gisenyi unaona tofauti. Wengine watasema hiyo ni shida ya watu wa mji. Hapana. Sashe ikiingia ndani ya lundo itafika shambani, na haiozi.

Bukavu, kampuni Plastycor inaokota plastiki ya Ziwa Kivu na kutengeneza vitu kama vyungu vya maua. Kwa hiyo plastiki imeanza kupata mnunuzi. Maganda bado. Mnunuzi wake ni nani kama si sisi?

Maoni yangu ni haya. Mairie itoe kiwanja, isimamie kutenganisha takataka palepale sokoni, maganda pembeni na plastiki pembeni, na itenge sehemu ya kodi ya kila siku wamama wanayolipa kwa kazi hiyo. Koperative nazo ziahidi kwa maandishi kununua kiasi fulani kila msimu. Bila ahidi hiyo, hakuna kijana atakayeweka pesa yake kwenye chukudu na makoleo.

Tusingoje mradi. Mkutano ujao kila koperative ihesabu: msimu uliopita tulitumia dola ngapi kwa mbolea? Hesabu hiyo ndiyo tuipeleke mairie, tukiwa pamoja.