Uwanja wa Saruji Haunywi Maji

Imekuwa desturi siku hizi, Unguja na Pemba, kwamba mwananchi akimaliza kujenga nyumba hukata kila mti uliomo kiwanjani mwake, kisha akatandaza vitofali vya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Huhesabu kuwa huo ndio usafi na ndiyo maendeleo. Hatuna budi kulitazama upya jambo hili, kwani madhara yake hayaishii ndani ya ukuta wa mwenye nyumba.

Visiwa vyetu havina mito mikubwa wala maziwa. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi, nayo huwekwa huko na mvua. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya uwanja wa mita za mraba 200 huleta lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Udongo wenye miti na majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Saruji huyafukuza, yakamwingilia jirani aliyejenga bondeni, yakachanganyika na ya vyoo vya shimo, na mengine yakapotelea baharini. Hivyo masika tunalia mafuriko, na kaskazi tunalia kiu. Na kisima kinachotekwa kupita kiasi bila kurejeshewa huingiwa na chumvi.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar; ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki.

Dawa si ngeni. Wazee wetu walipanda uani mkilua, mwasumini, mdimu na mpera. Majani makavu na maganda ya jikoni yalifukiwa yakawa mbolea, na makumbi yakawekwa shinani kuhifadhi unyevu. Hawakuhitaji dawa za kuua magugu, ambazo katika mawe yetu ya matumbawe yenye matundu hushuka upesi hadi kwenye maji.

Atakayesema uwanja wa udongo huleta tope, na atandike njia ya kupita tu, au amwage kokoto, pengine pote apande.

Kwa upande wa Serikali, tunashauri kibali cha ujenzi kiwe na sharti la kuacha sehemu ya kiwanja bila kufunikwa. Lakini mfano uanzie juu. Haitakuwa haki kumtaka mwananchi ang'oe vitofali vyake ilhali uwanja wa ofisi inayomwamuru umefunikwa wote. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: hakuna uwanja ulio mdogo mno kwa kazi hii.