Mtoto mwenye kasi na mpira wa bolingi

Mama mmoja anayeishi Michigan, Marekani, ambako bolingi ni mchezo wa mashindano ya shule za sekondari, anauliza hivi: kijana wake wa miaka 15 anarusha mpira kwa kasi sana, unakwenda umenyooka kama risasi, na kila mara vigingi viwili vitatu vinabaki vimesimama. Baba yake ameona dukani mpira mpya unaong'aa kama kioo. Bei yake si ya mchezo. Wanunue?

Msinunue huo. Njia ya bolingi ina urefu wa futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi kigingi cha mbele, na sehemu kubwa ya mwanzo hupakwa mafuta. Kwenye mafuta mpira huteleza tu. Ukifika pakavu ndipo unapokamata sakafu na kupinda. Kijana mwenye kasi kubwa na mzunguko mdogo wa mkono, mpira wake unafika kwenye vigingi kabla haujapata nafasi ya kupinda. Ganda lililong'arishwa linateleza mbali zaidi, kwa hiyo mtakuwa mmelipia ugonjwa uleule.

Anachohitaji ni mpira wa rezini wenye ganda lililofifia, lililopigwa msasa, na kiini kinachoanza kuzunguka mapema. Kama tayari ana mpira wa rezini, anzeni na msasa. Fundi anayetoboa mipira huifanya kazi hiyo kwa mashine, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mpira mpya. Ifanyike kabla ya mashindano, maana kukwangua ganda mchezo ukiendelea kunakatazwa. Matundu nayo yasitobolewe kabla fundi hajamwona kijana akirusha.

Kuna wazazi wanaoongeza uzito wa mpira ili kasi ipungue. Hapo mimi sikubali. Mpira mzito kupita kiasi unavuta bega na kifundo cha mkono cha mtoto ambaye bado anakua. Kasi inapunguzwa kwa njia rahisi zaidi: aushike mpira chini kidogo anapoanza, mkono hautapanda juu sana nyuma.

Tazameni pia dole gumba. Likiwa na malengelenge au likivimba baada ya mazoezi, huenda tundu halimtoshi, au ni pana mno na anaubana mpira usimponyoke. Vidole vya umri huo vinakua haraka. Tundu huzibwa likatobolewa upya, hakuna haja ya mpira mwingine.

Na mpira wake wa zamani wa plastiki asiutupe. Kigingi kinachobaki peke yake pembeni hupigwa vizuri zaidi na mpira usiopinda, na hapo kasi yake haimdhuru kitu.